Mwamba wa Masasi na Uso wa Bibi Fatu

Tangu nirudi, hakuna aliyepita hapa kwangu Temeke bila kuniuliza magoti yamefanywa nini. Nilimsimulia Mama Hadija kibarazani, nikawasimulia wale wadada wa saluni, halafu nikajikuta nasimulia tena msibani, mpaka shangazi yangu akanifinya ninyamaze. Na kila niliyemsimulia amekwenda kuwaambia wengine kwa namna yake. Juzi nimeambiwa eti nilikamatwa Masasi na gunia la rubi. Kwa hiyo nimeamua kuandika mwenyewe, yote, kama yalivyokuwa.

Wengi mnajua nilikuwa mchoraji wa kanga kiwandani, miaka na miaka. Soko lilipofunguliwa, kanga za nje zikaingia kwa marobota, kiwanda kikapunguza watu, na mwishowe milango ikafungwa na sisi tukiwa nje. Nikaanza kukaanga vitumbua. Kisha akatokea Bwana Mbaraka, mwenye duka Kariakoo, ambaye huchapisha kanga zake India. Akaniita, akanipa soda, akaniambia:

"Mama Zainabu, maua nimechoka. Mananasi nimechoka. Na zile korosho ndiyo nimechoka kabisa. Niletee kitu ambacho wanawake hawajawahi kukifunga. Kikinipendeza, utanichorea kila msimu. Usipokipata kabla sijapeleka oda ya sikukuu, nitamtafuta mtu mwingine."

Nilirudi nyumbani nikakaa na karatasi. Kila nilichochora kilikuwa kile kile nilichokuwa nachora kiwandani. Mkono ulikwenda wenyewe, kama punda anayejua njia ya kisimani. Nililia, nawaambia kweli. Ndipo Stella, tuliyekuwa naye kiwandani, yeye akiwa upande wa kukagua vitambaa, akaja mjini kununua mitumba akanikuta katika hali hiyo.

"Njoo kwetu Masasi uone mawe," akasema. "Mume wangu atakupandisha."

Mimi nilielewa atanipandisha kwenye gari.

Dar es Salaam mpaka Rufiji

Basi liliondoka asubuhi, na mpaka Kibiti safari ilikuwa njema, vumbi tu. Pale Rufiji tukakuta foleni. Lori moja lililobeba mabati lilikuwa limekwama kwenye mlango wa pantoni, magurudumu ya mbele ndani, ya nyuma nchi kavu, na kila mwanamume aliyekuwapo alikuwa na maoni yake juu ya namna ya kulikwamua. Tukashuka. Kinamama wa pale walikuwa wamejiandaa kama waliojua tutachelewa: samaki wa mto wa kukaanga, wali wa nazi, chai ya tangawizi. Nilikula sahani moja, foleni ikakaa, nikala ya pili.

Karibu yangu alikaa mzee mmoja aliyesema anakwenda Nachingwea. Nilimwamkia, "Shikamoo baba," akaitikia, "Marahaba mwanangu, unakwenda msibani au harusini?"

"Wala. Nakwenda Masasi kuangalia mawe."

Akaacha kutafuna. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akanisogelea. "Ya kijani au mekundu?"

Sikuelewa. Nikamjibu kama Stella alivyonisimulia. "Nasikia ni ya kijivu, baba."

"Ya kijivu hayana soko," akasema kwa huruma, akanimegea kipande cha samaki wake. "Umedanganywa, mwanangu. Rudi nyumbani."

Laiti ningemwuliza zaidi. Ningejua mapema kwamba kusini yote ilikuwa na homa ya madini, na kwamba mtu yeyote kutoka Dar es Salaam akisema neno "mawe", watu husikia pesa.

Lori lilikwamuliwa jua likiwa limegeuka. Walilitoa kwa kamba na nyimbo, na yule mwenye lori, baada ya watu wote kutoa jasho, akasema alikuwa anajua tangu mwanzo kwamba lingetoka.

Kuelekea Masasi

Ng'ambo ya mto ni mchanga. Basi likizama, wanaume wanashuka kusukuma. Likizama zaidi, wanawake nao wanashuka. Likizama sana, hata dereva anashuka, na hapo ndipo unajua mambo ni mazito. Tulisukuma mpaka nikawajua abiria wenzangu kwa migongo yao. Mama mmoja aliyebeba kichwa cha cherehani alikataa kukiacha ndani ya basi. Alisukuma kwa bega moja, cherehani kwapani kama mtoto, na dereva alipomwambia akiweke chini akamjibu, "Hiki ndicho kilichonipeleka Dar, na ndicho kitakachonilisha Nachingwea. Sukuma wewe kwanza." Tulicheka hadi nguvu zikatuishia, basi likazama tena.

Tukalala Lindi. Asubuhi tukanywa chai kwa mihogo ya kuchemsha, tukaiacha bahari, tukashika njia ya bara. Huko ndiko nilikoiona mikorosho, mashamba kwa mashamba, matawi yameinama mpaka chini kama wanawake wanaofagia. Nilikuwa nimechora korosho kwenye kanga maisha yangu yote, na sikuwa nimewahi kujua kwamba korosho yenyewe huning'inia nje, chini ya bibo, kama kitu kilichosahauliwa. Nikacheka peke yangu. Kumbe nilikuwa nachora kitu nilichokifahamu kwenye sahani tu.

Halafu, baada ya Ndanda, mawe yakatokea.

Sijui niwaelezeje. Nchi ni tambarare, miti na mashamba, mara hapo mwamba unasimama peke yake, mkubwa kuliko jengo lolote la hapa mjini, mviringo, mtupu, hauna hata nyasi. Mbele tena mwingine. Na mwingine. Mji wa Masasi umekaa katikati yao, na watu wanauza nyanya na kushona viatu chini yake bila kuinua macho.

Stella alinipokea stendi. Nyumba yao iko upande wa Mkomaindo, na mwamba ulikuwa pale pale, nyuma ya jiko. Tukala ugali wa muhogo kwa kisamvu kilichotiwa karanga, na njugumawe za kuchemsha. Mumewe, Mwalimu Aidani, anafundisha jiografia. Ni mrefu, mpole, mtu wa kanisani. Alisoma Moshi akiwa kijana, akafanya urafiki na waongoza watalii wa mlimani, wakamfundisha kupanda majabali kwa kamba. Huko Masasi, jamaa zake wanaona ni wazimu mdogo usiodhuru mtu.

Aliniangalia miguu. "Shemeji, una raba?"

"Za nini, shemeji?"

"Za kupandia."

Ndipo nikaelewa kitenzi.

Juu ya mwamba

Nilikataa kwanza. Mimi ni mama mtu mzima, nina mjukuu. Nikasema nitauchora kutoka chini, na kweli nilikaa asubuhi nzima mbele ya ule mwamba na karatasi yangu. Nilipomaliza, Stella akaja kutazama, akaukagua kama alivyokuwa akikagua kitambaa chenye kasoro kiwandani.

"Unafanana na chungu kilichopinduliwa," akasema.

Ilikuwa kweli. Ulikuwa mchoro wa kalenda.

Jumamosi nikavaa suruali ya shemeji, nikafunga kanga juu yake, nikavaa raba za Stella. Shemeji alizunguka upande wa nyuma, ambako mwamba umelala na mtu anaweza kutembea, akafika juu, akafunga kamba kwenye mti ulioota katika ufa, akaishusha. Stella akanifunga mkanda kiunoni na mapajani, akauvuta mara mbili.

"Ukiteleza, Aidani anakushika kutoka juu," akasema. "Usitazame chini. Tazama jiwe."

Nilianza. Hatua za kwanza nilisali. Jiwe lilikuwa na joto la jua, likikwaruza kama msasa, na hapo ndipo magoti yangu yalipoanza kulipa. Nilitafuta pa kushika kwa vidole, nikapata ukingo mdogo. Nikatafuta pa kukanyaga, nikapata. Kutoka juu niliisikia sauti ya shemeji, "Vizuri shemeji, vizuri, usikumbatie, jitenge kidogo," na kutoka chini sauti ya Stella ikimwambia asinisumbue.

Na kwa kuwa niliambiwa nitazame jiwe, nililitazama. Uso wangu ulikuwa umbali wa shibiri moja. Ule mwamba ambao kutoka jikoni ulikuwa wa kijivu, haukuwa wa kijivu hata kidogo. Kulikuwa na madoa ya kuvu kavu, mviringo ndani ya mviringo, mengine rangi ya chungwa, mengine kijani kilichopauka, mengine meupe yenye ukingo mweusi kama yaliyopigwa muhuri. Katikati yake zilipita njia za maji ya mvua, nyeusi, ndefu, zikishuka zikigawanyika na kukutana tena. Na chembe ndogo ndogo zinazong'aa. Kiwandani tulifundishwa kwamba mchoro wa kanga lazima ujirudie. Hapa hakuna doa lililofanana na jirani yake, na bado yote yalipatana.

Nilifika kwenye kibao cha jiwe katikati ya mwamba, mahali pa kukaa mtu mmoja. Nikakaa nipumue. Ndipo niliposikia kelele chini.

Ramani ya madini

Kulikuwa na watu. Mwanzoni wachache, kisha wakawa kama wa mnadani. Mbele yao alisimama mgambo mmoja na mtendaji wa kata, mtu mnene aliyevaa suti ya Kaunda, ananyoosha kidole kwangu.

"Huyo mama ashuke! Nani kampa ruhusa ya kuchimba?"

"Hachimbi," Stella akasema. "Anapanda."

"Anapanda kufuata nini?"

Lilikuwa swali gumu kulijibu kwa kupiga kelele. Stella alijaribu. Akasema ni mgeni wake, ni mchoraji, anatafuta mapambo ya kanga. Watu wakacheka. Mtu na akili zake atoke Dar es Salaam, apande jabali kwa kamba, kwa ajili ya kanga? Shemeji naye akasema kutoka juu kwamba angeshuka kueleza. Akaniinamia. "Shemeji, nakufunga kamba kwenye mti. Huwezi kwenda popote. Kaa hapo hapo, nakuja."

Nikabaki peke yangu, nimefungwa kama mbuzi, katikati ya anga na mtendaji wa kata.

Sasa nitawaambia jambo ambalo hata mimi lilinishangaza. Nilipaswa kuogopa, na niliogopa, lakini nilikuwa na mkoba mgongoni, na ndani ya mkoba karatasi, makaa, na chaki zangu za rangi. Sikuwa na kazi nyingine. Nikatoa karatasi nikaanza kuchora kilichokuwa mbele ya pua yangu. Wao wakibishana chini, mimi nachora. Nikasikia shemeji amefika, akianza kueleza jiografia ya majabali tangu mwanzo wa dunia, nikajua nina nafasi ya kutosha. Mkono haukwenda wenyewe safari hii. Kila mstari ilibidi niutazame kwanza. Nilipoishiwa na chaki ya chungwa nilisugua udongo wa kwenye ufa kwa kidole, rangi ikakubali. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu kiwanda kifungwe, na mguu wangu mmoja umekufa ganzi.

Mwishowe shemeji alirudi juu akanishusha taratibu. Nilipogusa ardhi, mtendaji akanyoosha mkono. "Hizo karatasi."

Akazifungua. Akainamisha kichwa. Mgambo naye akainamisha chake.

"Mistari hii myeusi ni nini?"

"Njia za maji, mheshimiwa."

"Na haya mekundu?"

"Kuvu."

"Kuvu," akarudia, akamtazama mgambo. "Anaficha. Hii ni ramani ya madini. Mekundu ndiyo rubi, na mistari ndiyo njia ya kuyafikia. Nitaipeleka wilayani."

Hofu ya kufungwa haikunipata. Nilichoogopa ni ile karatasi. Nilijua nisingeweza kuichora tena vile. Nikaanza kumsihi, na nilivyozidi kumsihi ndivyo alivyozidi kuamini.

Aliyeniokoa ni mama mmoja muuza maandazi, beseni kichwani, ambaye alikuwa amechungulia juu ya bega la mtendaji.

"Kama ni kanga," akasema, "pindo liko wapi?"

Nikasema, "Sijalichora bado, mama."

"Basi lichore tuone."

Nikamwomba mtendaji aishike karatasi yeye mwenyewe, asiiachie. Nikachukua makaa nikachora pindo kuizunguka, pande zote nne, mstari mnene, mstari mwembamba, na vile viduara vya kuvu vikifuatana kama shanga. Kisha nikamwomba aisogeze kwenye kiuno cha Stella. Akaona haya kumkaribia mke wa mwalimu, akampa mama wa maandazi, naye akaitandaza Stella kiunoni. Stella akageuka. Akatembea hatua chache kama anayekwenda harusini.

"Eeh!" wakasema wanawake.

"Hiyo mimi nainunua," akasema mmoja.

"Ya chungwa izidi kidogo," akasema mwingine. "Hapa katikati kumepoa."

Na alikuwa na haki, nikaiongeza baadaye. Mtendaji aliona ameshindwa, lakini si mtu wa kuondoka mikono mitupu. Akakohoa. "Kwa hiyo wewe ni mchoraji kweli."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Kibao cha ofisi yangu kimefutika."

Jumatatu nzima niliimaliza nikimwandikia kibao, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, na akaniletea kuku.

Kupanda Newala

Si wote walioridhika. Katika lile kundi alikuwamo Bwana Chande, mwenye miwani myeusi na Land Rover kuukuu. Mwaka uliopita alikuwa dalali wa vito, mwaka huu alikuwa mnunuzi wa korosho, kwa sababu siku hizi ni ruksa kila mtu kununua. Alikuja kwa Stella akanivuta pembeni.

"Mama, yule mtendaji umempatia. Pindo! Nimekuvulia kofia. Sasa baina yetu: nusu kwa nusu?"

Nilimwapia. Akatabasamu. Kadiri nilivyomwapia ndivyo alivyoniheshimu. Aliposikia Stella ana mzigo wa mitumba wa kupeleka kwa dada yake Newala, na mimi nataka kwenda naye, akasema gari lake linakwenda huko huko, tupande bure.

Tukapanda. Njia nzima alinionyesha mawe. "Lile je?" Namwambia ni jiwe tu. "Sawa mama," anasema, akiweka alama kwa macho. Gari lilipoanza kukwea uwanda wa Makonde, injini ikalalamika, hewa ikabadilika, ikawa ya ubaridi. Njia ikapita kwenye vichaka na mikorosho, mchanga mwekundu, watu wanaanika korosho kwenye mikeka mbele ya nyumba. Bwana Chande alisimama kila kijiji kupima bei, akilalamika kwamba wenzake wameharibu soko kwa kununua ghali, kisha yeye mwenyewe ananunua ghali zaidi. Tulifika Newala tumekalia magunia. Yeye akaendelea Makote kutafuta korosho nyingine, na mpaka leo sijui kama aliwahi kuamini.

Dada yake Stella anaitwa Mama Beti. Alitupokea kwa vigelegele, na kabla sijavua viatu akaniuliza, "Dada, unakula samaki nchanga?"

"Samaki?" nikasema. "Mimi mtu wa pwani, mama. Lete."

Stella alikuwa uani, hakusikia. Mama Beti akafurahi sana, akaleta bakuli. Nikaona mkia. Nikaona mkia wa pili. Kumbe samaki nchanga ni panya wa shambani, kitoweo cha heshima, na mimi nilikuwa nimeomba kwa mdomo wangu. Stella aliingia akanikuta nimeganda. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama Beti, huyu ni Mwislamu wa Temeke! Samaki wake wana magamba!"

Mama Beti naye akaangua kicheko, akaniomba radhi, akanikaangia mayai. Watoto wa nyumba hiyo walinishukuru kwa macho, maana bakuli lote likawa lao.

Nembo

Jirani wa Mama Beti ni Bibi Fatu, mzee sana, Mmakonde wa pale pale. Uso wake wote umechorwa chale za zamani: mistari iliyopindana mashavuni kama mawimbi ya mkeka, na kwenye paji la uso nyingine zilizosimama. Tulikwenda kumsalimu. Nikapiga goti, "Shikamoo bibi," na Mama Beti akanitambulisha kwa fahari: "Huyu ametoka Dar es Salaam. Alikuwa anachora nembo kiwandani."

Ni kweli, tulichora pia nembo za kiwanda, zile alama za kubandika kwenye majora. Lakini Bibi Fatu alinishika mkono, akanivuta karibu.

"Kiwandani? Siku hizi wanachora nembo kiwandani?"

"Ndiyo, bibi."

"Kwa mashine?"

"Kwa mashine, bibi. Nyingi kwa siku moja."

Akatikisa kichwa kwa mshangao. "Na wanalia?"

"Akina nani, bibi?"

"Hao mnaowachora!"

Ndipo nilipogundua kwamba wajukuu zake waliokuwa mlangoni wamekimbilia nyuma ya nyumba. Kwao nembo ni chale za usoni, na mimi nilikuwa mwanamke wa wembe kutoka mjini. Tulipoelewana, Bibi Fatu ndiye aliyecheka kuliko wote, akifunika mdomo kwa kanga.

Siku hizo bomba lilikuwa limekauka, na wanawake walikuwa wakishuka bondeni kufuata chemchemi, kama walivyoshuka mama zao. Asubuhi tulikwenda nao. Ukingo wa uwanda unakatika ghafla, na chini unaiona nchi yote mpaka upande wa Ruvuma, ukungu umelala juu yake. Njia inashuka kwa kona, huku na huku, huku na huku. Nilishuka vizuri. Kupanda na ndoo ndogo kichwani ni habari nyingine, nikamwaga nusu yake shingoni. Wenzangu walikuwa wanasimulia habari za harusi.

Juu tulimkuta Bibi Fatu. Alikuwa amekongoja mpaka ukingoni, amekaa kwenye jiwe, ananingoja mimi.

"Umesema unachora bila wembe," akasema. "Nichore."

"Kwa nini, bibi?"

"Binti zangu hawakuchanjwa. Wajukuu wananicheka, wanasema nimefanana na mkeka. Nikiondoka, hapatakuwa na mtu hapa wa kuonyesha nembo hii. Nataka wawe nayo, hata kama wanaicheka."

Nikachora. Jua la asubuhi lilikuja kutoka ubavuni, kila chale ikawa na kivuli chake. Nilimtazama kama nilivyoutazama mwamba, kwa karibu, mstari mmoja baada ya mwingine. Nilipomaliza aliichukua karatasi. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo aliweka kidole kimoja shavuni na kingine kwenye karatasi, akavisogeza pamoja, polepole.

"Hapa umekosea," akasema. "Umeunyoosha. Huu umepinda, kwa sababu nilitikisika. Mama yangu alinipiga kofi."

Nikaupinda. Akafuata tena kwa vidole mpaka mwisho. Akaridhika.

Stella alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliniambia kwa sauti ya chini, kwa ile sauti yake ya kiwandani, "Mama Zainabu, hii ndiyo kanga. Mwamba ni mzuri, lakini hii Mbaraka ataichukua bila kupumua."

Na mimi nilikuwa nimeshaiona. Nilikuwa nimeuona mji wa ile kanga, yaani sehemu ya katikati, nimeliona pindo lake, nimewaona wanawake wa Kariakoo wakiigombania. Nilijua ingeniondoa kwenye vitumbua. Nikamweleza bibi habari za Mbaraka na za mwamba, nikamwomba ruhusa.

Bibi Fatu hakukasirika. Alifikiri.

"Kanga inafungwa wapi?"

"Kiunoni, bibi."

"Na mtu akikaa, anaikalia?"

"Ndiyo."

"Basi hapana, mwanangu. Uso wangu nilioulilia, watu waukalie? Hapana. Mpe huyo mfanyabiashara lile jiwe lako."

Stella alinitazama, nami nikatazama bondeni. Mkono wangu ulikuwa umeshaijua mistari ile. Ningeweza kuirudia usiku wowote nyumbani kwangu, na nani angejua? Lakini nilikuwa nimemwuliza, naye amejibu. Nikamkabidhi karatasi, hiyo hiyo moja. Aliiviringisha ndani ya kanga kuukuu, akasimama, akatutangulia kurudi nyumbani. Niliumia njia nzima, nisiwadanganye. Niliendelea kuumia mpaka Mama Beti alipotuwekea mabibo yaliyoiva na uji wa muhogo, na watoto wakaanza kucheza kunichora chale kwa vijiti, nikachoka kuumia.

Kurudi

Safari ya kurudi haikuwa na mengi. Pantoni lilikuwa tupu, tukavuka kama mabwana, na kwa mara ya kwanza nikatamani tungekwama, maana nilikuwa nachora kwenye goti na kila mtikisiko wa basi uliniharibia. Nilifika Temeke nikafunga mlango. Chungwa niliizidisha pale katikati, kama yule mama alivyosema.

Bwana Mbaraka aliitandaza juu ya meza yake, akasimama mbali, akasogea. "Nini hiki?"

"Mwamba."

"Kanga ya jiwe?" Akamwita mkewe kutoka nyuma ya duka. Mkewe hakuuliza ni nini. Alijizungushia kiunoni akaenda kwenye kioo, na sikumwona akirudi. Tukaongea biashara. Nilipokuwa naondoka, Bwana Mbaraka akaniuliza kama huko kusini sikuchora kitu kingine.

"Nimechora," nikamwambia. "Kipo kwa mwenyewe."

Doti za kwanza zilipoingia nilituma kwa Stella, kwa mama wa maandazi, na kwa Bibi Fatu. Stella alipeleka ile ya Newala mwenyewe, na wiki iliyopita alikuja mjini akanipa majibu. Anasema Bibi Fatu aliipapasa yote kwa vidole, pindo hadi pindo, akaifunga, akatoka nje kuwaonyesha majirani.

"Tazameni," aliwaambia. "Nimevaa mlima wa watu wa Masasi. Wala si mzito."